Seva Ikizimika Usiku, Nani Anaamka?

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 10 Machi 2021, saa sita na dakika 47, moto ulizuka katika jengo la ghorofa tano karibu na mto Rhine, mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Jengo lilikuwa la kampuni ya OVHcloud. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya kompyuta zinazowaka usiku na mchana, zikihifadhi tovuti za watu wa mataifa mengi. Zimamoto wapatao mia moja walifika, mashua ikavuta maji kutoka mtoni, lakini kulipokucha jengo hilo, lililojulikana kama SBG2, lilikuwa limeteketea lote, na sehemu ya jirani yake SBG1 imeungua. Hakuna mtu aliyeumia. Kampuni ya Netcraft, inayohesabu tovuti duniani, ilikadiria kuwa tovuti milioni 3.6 zilitoweka hewani.

Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwapa wateja wake ujumbe mfupi mtandaoni: kila mmoja aanze kutekeleza mpango wake wa kujiokoa na maafa. Waliokuwa na mpango waliutekeleza. Wasiokuwa nao walijua siku hiyo kwamba walitakiwa kuwa nao. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust, kampuni ya Facepunch, walitangaza kuwa data za seva zao 25 za Ulaya zimepotea moja kwa moja.

Moto ule unafaa kukumbukwa na kila anayetafuta mahali pa kuweka tovuti yake, iwe ya shule, duka, gazeti au halmashauri. Katika miji yetu mazungumzo ya kukodi seva huanza kwa maswali mawili: GB ngapi, na bei gani kwa mwezi? Ni maswali halali, lakini yametangulia mahali pasipo pao. La kwanza lingekuwa: nani ataitunza? La pili: nakala yake itakaa wapi? Mwenye majibu ya hayo mawili atachagua mashine kwa urahisi, na mara nyingi atagundua kuwa anahitaji ndogo kuliko aliyotaka kuuziwa.

Aina zenyewe hazimpi shida mtu aliyewahi kupanga nyumba. Huduma ya bei ya chini kabisa, ambapo tovuti mamia hukaa kwenye seva moja, ni chumba katika nyumba ya wapangaji wengi: ua mmoja, choo kimoja, mita moja ya Luku. Jirani akiwasha jiko la umeme, uniti zinaisha kwa wote. Seva pepe, ambayo mafundi huiita VPS, ni fleti: ina mlango wake na Luku yake, ufunguo anao mpangaji, ila paa na bomba kuu la maji ni la jengo zima. Seva nzima, yaani mashine inayokodishwa na mteja mmoja peke yake, ni nyumba yenye geti lake. Mwenye geti lake hana jirani wa kulalamikia, na bomba likipasuka saa nane za usiku, fundi anamtafuta yeye.

Ujanja wa kuigawa kompyuta moja ionekane nyingi si wa jana. IBM waliujaribu katika miaka ya 1960 kwenye mashine zao kubwa. Ulifika kwenye kompyuta za kawaida kupitia VMware, iliyoanzishwa 1998, kisha Xen kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, na mwaka 2007 KVM ikaingizwa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo endeshi wa Linux. Kuanzia hapo bei iliporomoka, na leo kijana wa Mbeya au Kisumu anaweza kukodi seva pepe kwa dola tano au sita kwa mwezi na kuipata ndani ya dakika moja.

Bei hiyo ina siri yake. Mwenye jengo anaweza kuuza prosesa ile ile kwa wapangaji wengi, akitegemea kuwa hawataihitaji wote kwa wakati mmoja. Wakiihitaji wote, wengine watangoja. Linux haifichi jambo hili: anayeandika amri ya top ataona, katika mstari wa prosesa, herufi st pembeni ya namba. Namba hiyo ni asilimia ya muda ambao seva yake ilitaka kufanya kazi ikanyimwa nafasi kwa kuwa mashine iliyo chini yake inawahudumia wengine. Ikikaa kwenye sifuri au moja, majirani ni wema. Ikipanda hadi kumi na kubaki huko saa baada ya saa, mpangaji ana haki ya kuandika barua ya malalamiko au kufunga virago. Inasikitisha kuona taasisi zinanunua seva kubwa zaidi kwa mwenye jengo yule yule, wakati ushahidi wa tatizo ulikuwa kwenye herufi mbili.

Kumbukumbu ya kufanyia kazi, RAM, ina kisa kingine. Tovuti nyingi ndogo hutumia WordPress pamoja na hifadhidata ya MySQL au MariaDB, na wauzaji huziweka kwenye seva ya GB moja. Siku za kawaida inatosha. Wageni wakimiminika na kumbukumbu ikajaa, Linux huchagua programu moja na kuiua ili mashine ibaki hai, na mara nyingi kisu humwangukia mlaji mkubwa, yaani hifadhidata. Tovuti inabaki na ukurasa mweupe unaosema haiwezi kuifikia hifadhidata. Mwenye tovuti hudhani amedukuliwa, kumbe alihitaji GB moja zaidi, au alihitaji fundi wa kupunguza idadi ya kazi ambazo seva inakubali kwa mkupuo.

Kila mzazi wa Afrika Mashariki anaijua siku ya matokeo ya mtihani. Matokeo yanatangazwa, familia nzima imezunguka simu moja, na ukurasa haufunguki. Kauli inayofuata huwa ileile: seva imezidiwa, inatakiwa kubwa zaidi. Lakini matokeo ya mtihani hayabadiliki kila sekunde. Yakishatoka yametoka. Hayana haja ya kuulizwa upya kwenye hifadhidata kila mtoto anapotafuta jina lake. Yanaweza kuandikwa mapema kama kurasa tulivu na kugawiwa na programu kama nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004 akilenga hasa seva moja ihudumie miunganisho elfu kumi kwa pamoja. Seva pepe ya wastani, ikipangwa hivyo, hubeba mzigo ambao seva nzima ya gharama kubwa, iliyopangwa vibaya, huuangusha. Maarifa ya fundi hapa yana thamani kuliko chuma.

Hilo halina maana kuwa seva nzima ni anasa. Kampuni ya Marekani iitwayo 37signals, inayotengeneza Basecamp na huduma ya barua pepe ya HEY, ilitangaza mwaka 2022 kuwa inahama kutoka kwenye mitambo ya kukodi ya kampuni kubwa na kurudi kwenye mashine zake yenyewe. Mwaka huo ilikuwa imelipa takriban dola milioni 3.2 za kodi. Ilinunua seva za Dell kwa dola laki sita na ushee, ikazipeleka kwenye vituo vya data ilivyokuwa tayari inavitumia, na mmoja wa viongozi wake, David Heinemeier Hansson, akaeleza hadharani kuwa gharama zimeshuka sana. Habari hizo zilisambaa, na wengi walizisoma kama ushauri wa kununua mashine. Waliruka sentensi moja muhimu: kampuni ile tayari ilikuwa na kikosi chake cha mafundi wa mitambo, na kikosi hicho hakikuhitaji kuongezwa. Walikuwa na walezi kabla ya kuwa na mtoto.

Kwetu mara nyingi hutokea kinyume. Bajeti ina mstari wa kutengeneza tovuti, ina mstari wa kukodi seva, kisha hakuna mstari wa mtu. Aliyeitengeneza alilipwa, akapeana mkono na mkurugenzi, akaenda zake, na nywila kuu imebaki kwenye simu yake.

Mtu anahitajika kwa kazi gani hasa? Aanze na mlango. Seva mpya ikiunganishwa tu na intaneti, ndani ya saa chache huanza kupokea majaribio ya kuingia kutoka pembe zote za dunia, na faili ya kumbukumbu za kuingia hujaa majina ya root na admin yakijaribiwa na nywila mbalimbali. Hayatumwi na adui anayemjua mwenye seva. Ni programu zinazozunguka zikigonga kila mlango. Dawa yake inajulikana na haigharimu kitu: kuingia kwa funguo za kidijitali badala ya nywila, kuzuia root, yaani mtumiaji mkuu, asiingie moja kwa moja kutoka nje, na kufunga kila mlango usiotumika. Ni kazi ya nusu saa. Isipofanywa siku ya kwanza, kwa kawaida haifanywi tena.

Baada ya mlango ni mfumo endeshi, na hapa ukanda wetu una deni. Kwa miaka mingi seva nyingi za kuhifadhi tovuti zilitumia CentOS, toleo la bure la Linux lililoaminiwa sana. Mwezi Desemba 2020 wasimamizi wake walitangaza kuwa toleo la 8, ambalo watu walitarajia lihudumiwe hadi 2029, litakoma tarehe 31 Desemba 2021. Toleo la 7 liliendelea hadi 30 Juni 2024, kisha nalo likafungwa. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa mwaka 2021 kuwapokea waliobaki njiani. Seva inayoendelea kutumia CentOS 7 leo inawaka, inafungua kurasa, haina dalili ya ugonjwa. Ila hakuna tena anayeiletea viraka vya usalama bure, na kila tundu linalogunduliwa linabaki wazi. Mwenye tovuti anayetaka kujua hali yake amuulize fundi wake swali moja tu: mfumo wetu ni upi na unahudumiwa hadi tarehe gani? Fundi asiyekuwa na tarehe hajatazama.

Hata walezi hodari hukosea. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab, amechoka baada ya saa nyingi za kupambana na hifadhidata iliyokuwa ikielemewa, aliamua kufuta folda kwenye seva ya akiba ili aianze upya. Amri aliiandika kwenye seva kuu. Aliligundua kosa ndani ya sekunde moja au mbili na kusimamisha amri, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wenzake walikimbilia nakala. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa imefanya kazi ipasavyo. Njia ya kila siku ilikuwa ikifeli kimyakimya, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na hifadhidata yenyewe. Barua pepe za kuonya juu ya kufeli huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita zilizotangulia, kwa shughuli nyingine kabisa.

GitLab hawakuficha. Waliandika kila hatua hadharani wakati kazi ya kurejesha ikiendelea, na hawakumtoa fundi wao kafara. Wanastahili heshima kwa hilo, maana maelezo yao yamewafundisha watu wengi kuliko kitabu chochote cha somo hili. Wangeficha, dunia isingejua kuwa mtu anaweza kuwa na njia tano za nakala na asiwe na nakala.

Suala la mahali nalo lina uzito wake, na Watanzania waliupima wenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ilizikumba nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa mtu wa Kinondoni alishindwa kufungua tovuti ya duka lililoko Ilala, ingawa hakuna waya uliokatika kati ya Kinondoni na Ilala. Duka liko Dar es Salaam, wateja wako Dar es Salaam, lakini seva iko Ujerumani, na kila ombi la mteja hupanda baharini, huvuka bara na kurudi.

Hata siku ambayo waya ni mzima, safari hiyo ina nauli. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na kwa kuwa nyaya hazipiti mstari ulionyooka, kwa kawaida huzidi 100. Ukurasa mmoja salama huhitaji safari tatu au nne kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Hakuna prosesa inayoweza kununuliwa kuufupisha umbali huo.

Njia ya karibu ipo. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana intaneti, TIX, tangu 2004, ambapo makampuni ya mawasiliano hupeana trafiki bila kuitoa nje ya nchi. Nairobi walitangulia kwa KIXP mwishoni mwa 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena Februari 2002 baada ya wadau kukipigania. Vituo vya data navyo vimejengwa: kile cha taifa cha Kijitonyama, vya watu binafsi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Bei yao mara nyingi iko juu ya ile ya Ujerumani, na huo ni ukweli unaowaumiza wenye biashara ndogo. Hata hivyo kwa tovuti ambayo wasomaji wake wako nchini, hasa inayobeba taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja, seva ya nyumbani ndiyo chaguo sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa anayesafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Lakini gazeti ambalo wasomaji wake wengi wako Muscat, London na Minnesota lina sababu nzuri ya kukaa Ulaya.

Popote seva ikae, ankara isisahaulike. Seva za nje hulipiwa kwa dola au euro, kwa kadi. Kadi ikiisha muda wake, au akaunti ikikaukiwa siku ya makato, mwenye seva hutumiwa barua pepe ya onyo, kisha seva husimamishwa, na baada ya siku zilizotajwa kwenye mkataba hufutwa pamoja na kila kilichomo. Onyo likienda kwenye anwani ya mtumishi aliyehama kazi mwaka juzi, hakuna atakayelisoma. Akaunti ya seva na jina la tovuti viandikwe kwa jina la taasisi, na barua zake zifike kwa watu wawili angalau.

Wauzaji hupenda kuahidi asilimia 99.9 ya kuwa hewani. Kwa mwaka mzima hiyo ni ruhusa ya kuzimika kwa karibu saa tisa, na kwa wengi inatosha. Ahadi hiyo haisemi lolote juu ya data. Fidia ya kuzimika huwa ni kupunguziwa kodi ya mwezi, si kurudishiwa kilichopotea.

Hili lilionekana wazi katika mkia wa kisa cha Strasbourg. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Bati Courtage ilikuwa imekodi seva pepe kwa OVH na kulipia juu yake huduma ya nakala za kila siku. Moto ulipoisha ikaelezwa kuwa nakala zimeungua pia, kwa sababu zilikuwa mahali pale pale. Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVH kulipa takriban euro 100,000. Fedha zinaweza kuamriwa. Tovuti haikurudi kwa amri.

Na tusidhani ni balaa la wanyonge. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, na mifumo 709 ikazimwa. Ghala la faili za watumishi wa umma, liitwalo G-Drive, lenye terabaiti 858, liliteketea bila nakala nje ya jengo, kwa maelezo kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Ni nchi yenye intaneti ya kasi ambayo dunia huionea wivu.

Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja si nakala: faili ikifutwa kwenye moja, imefutwa kwenye zote. Nakala iliyo kwenye akaunti ile ile si nakala, maana anayeiba nywila anaziba njia zote mbili. Nakala ni ile iliyo kwenye jengo jingine, chini ya ufunguo mwingine, na ambayo imewahi kurejeshwa ikafunguka.

Kwa hiyo, msomaji mwenye tovuti, au mwenye dhamana ya tovuti ya wengine: mpigie fundi wako wiki hii. Mwombe achukue nakala ya mwisho aliyonayo, aikodie seva pepe ya bei ndogo kwa siku moja mahali pengine, na airejeshe huko mbele ya macho yako. Ikifunguka, tazama tarehe ya habari ya mwisho iliyorudi, hesabu siku zilizopungua, na umwambie kama taasisi yako inaweza kuishi bila siku hizo. Isipofunguka, usinunue seva kubwa zaidi hadi ifunguke.